Dawa ya Deni la Uzembe

Katika nchi ya Mto Tana kila mtu ajua thamani ya shina la mahindi. Ng'ombe wakiingia katika shamba na kulila, mkulima hupiga kelele. Shamba hutazamwa, hasara hukadiriwa, na mwenye ng'ombe hutakiwa alipe. Hapana amwambiaye mkulima kwamba mahindi yake yameliwa kwa amri ya Mungu. Hapana amwambiaye kwamba kudai malipo ni utovu wa adabu kwa wafugaji, ambao maziwa yao huyanywa. Walakini watu hao hao, wenye mizani nyoofu katika jambo la mahindi, hunyamaza mtoto atokapo katika chumba cha kuzalia na mkono uliopooza kwa kuwa alivutwa visivyo, au mama arudishwapo nyumbani na kitambaa cha upasuaji kilichosahauliwa tumboni. Hapo wazee hawaketi, hasara haikadiriwi, na neno moja tu husemwa: "Ni kudra."

Neno hilo ndilo nitakalo kulipinga katika insha hii. Nasema kwamba mgonjwa aliyedhuriwa kwa uzembe wa waliomtibu ni mdai, na hospitali iliyomdhuru ni mdaiwa. Fidia aiombayo haitokani na huruma ya mtu wala haina ukoo na kisasi. Ni deni. Jamii isiyomruhusu kulidai humpokonya mnyonge mara mbili: kwanza afya yake, na kisha haki yake.

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili yasichanganyike, maana adui mkubwa wa hoja njema ni kutia chumvi. Si kila kifo cha hospitali ni uzembe. Mtu aliyeumwa na nyoka malishoni, akabebwa siku nzima kabla ya kufika penye dawa, aweza kufa mikononi mwa daktari hodari. Mama aliyezuiwa na mafuriko asifike Garsen au Ngao aweza kumpoteza mwanawe bila ya muuguzi yeyote kukosa. Sheria haiwadai watu hawa wa hospitali chochote, wala haifai kuwadai. Sheria huuliza maswali matatu. Je, aliyetibu alikuwa na wajibu kwa mgonjwa? Je, aliukiuka wajibu ule kwa kutenda au kuacha kutenda yale ambayo mtu wa kazi yake angeyatenda? Je, madhara yaliyompata mgonjwa yalitokana na kukiuka huko? Jibu la swali moja likiwa "hapana," dai huanguka.

Na kipimo cha swali la pili si kipimo cha mtu mkali. Mwaka 1957, katika kesi ya Bolam, mahakama ya London iliweka kanuni ambayo nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, na Kenya miongoni mwao, zimeitumia tangu hapo. Daktari hapimwi kwa kulinganishwa na bingwa wa mabingwa. Hupimwa kwa kulinganishwa na mtu wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi ile ile. Bolam mwenyewe alivunjika nyonga alipotibiwa kwa nguvu ya umeme bila ya kupewa dawa ya kulegeza misuli. Na hata hivyo alishindwa, kwa sababu palikuwa na madaktari wenye kuheshimika wa siku zile waliotibu kwa njia hiyo. Basi anayelia kwamba sheria ya fidia itawaangamiza madaktari wema hajaisoma sheria anayoiogopa.

Uzembe wenyewe, hata hivyo, upo, na haupatikani katika vijiji vya mbali peke yake. Mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, jijini Nairobi, fuvu la kichwa cha mtu lilifunguliwa kwa sababu vitambulisho vya wagonjwa wawili vilikuwa vimebadilishwa. Wapasuaji waliitafuta damu iliyoganda katika ubongo wasiione, kwa kuwa ilikuwa katika kichwa cha mtu mwingine, aliyekuwa bado kitandani mwake. Hapa hapakuwa na siri ya maumbile wala ugonjwa usiojulikana. Palikuwa na kibandiko cha jina.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 2013, mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alijifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali ya Bungoma, na badala ya kusaidiwa alikemewa na kupigwa. Picha za aibu ile zilienea nchi nzima. Yeye hakukubali kwenda nyumbani akanyamaza. Alikwenda mahakamani, na mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikatamka kwamba haki zake za Katiba zilivunjwa, ikaagiza alipwe shilingi 2,500,000. Tena mahakama haikuwatazama wauguzi peke yao. Iliwatazama pia wakubwa wa serikali ya kaunti na ya taifa ambao kazi yao ilikuwa kuona kwamba hospitali ina vitanda, watu na usimamizi. Hukumu ile yapaswa kusomwa katika kila baraza la Garsen, Hola, Ngao na Kipini. Mama wa Tana hana Katiba nyingine iliyo ndogo kuliko ya mama wa Bungoma. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kiwezacho kufikiwa, na hakikutaja kwamba kiwango hicho hukoma mahali lami inapokoma.

Sasa na tuwasikilize wapinzani, maana wamo watu wema kati yao.

Wa kwanza husema kwamba uhai na mauti vimo mikononi mwa Mungu, na kwamba kudai fidia ni kushindana na Muumba. Imani yao naiheshimu. Matumizi yake nayakataa. Waislamu wa Tana wanaamini kwamba ajali ya kila mtu imeandikwa, na bado sheria ya dini yao imeweka dia kwa aliyeua bila ya kukusudia. Kama kuandikwa kwa ajali kungefuta deni, dia isingekuwako. Kadhalika mafundisho yao husema kwamba mtu ajifanyaye tabibu hali hajulikani kwa utabibu huyadhamini madhara aliyoyaleta. Wakristo nao wana Torati ya Musa, ambayo humwagiza aliyemjeruhi mwenzake amlipe kwa siku alizolala bila ya kazi na kumwuguza hata apone. Dini zote mbili, basi, humwachia Mungu yaliyo ya Mungu, na kumdai mwanadamu yaliyo ya mwanadamu. Asemaye kwamba Mungu ndiye aliyekisahau kitambaa tumboni mwa mgonjwa anamsingizia Mungu kosa la mtu. Huo si ucha Mungu.

Wa pili husema kwamba tukidai fidia tutawafukuza hata hao madaktari na wauguzi wachache tulio nao. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuikebehi. Kazi katika Tana si nyepesi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti ilikuwa na watu 315,943, waliotawanyika katika nchi ipitayo kilomita za mraba 35,000, na mto ufurikapo vijiji hugeuka visiwa. Muuguzi aweza kujikuta peke yake usiku mzima, ana wazazi wawili mbele yake na taa moja mkononi. Je, huyu ndiye tumdai mamilioni?

Hasha. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Ni kanuni ya zamani kwamba mwajiri hujibu kosa ambalo mwajiriwa wake amelitenda katika kazi yake. Afya ya wilayani ilipohamishiwa serikali za kaunti mwaka 2013, haukuhamishwa utukufu wa kufungua majengo na kukata utepe peke yake. Wajibu ulihamishwa pamoja nao. Dai likifika mahakamani, swali halitakuwa tu, "Muuguzi alifanya nini saa nane za usiku?" Litakuwa pia, "Nani alimwacha peke yake? Nani alijua kwamba gari la wagonjwa halina mafuta? Nani aliandikiwa barua juu ya upungufu wa damu asiijibu?" Kwa hiyo dai la mgonjwa laweza kuwa rafiki wa muuguzi mwema, maana husema kwa sauti ya jaji yale ambayo muuguzi ameyasema kwa miaka katika barua zisizosomwa. Palipo na ukimya, mzigo wote wa lawama humwangukia mdogo, na mkubwa hupita akipunga mkono.

Zipo nchi zilizokwenda mbele zaidi. New Zealand ilianza mwaka 1974 mpango wa kuwalipa waliopata ajali bila ya kuwalazimisha kuthibitisha hatia ya mtu, na waliodhuriwa na matibabu wamo katika mpango huo. Sweden ilianzisha bima ya wagonjwa mwaka 1975. Katika nchi hizo mgonjwa hushughulika zaidi na kupona kuliko kushtaki, na daktari aweza kusema ukweli bila ya kuhofu kuuza nyumba yake. Sisemi kwamba kaunti yetu itaweza kesho yaliyowezekana kwa mataifa tajiri. Nasema kwamba asidanganye mtu kuwa hapana njia ila mbili tu, yaani kumwangamiza daktari au kumsahau mgonjwa.

Wa tatu ni mwenye daftari la hesabu. Yeye husema: "Fedha mtakazolipa fidia zingenunua dawa." Hoja hii huonekana ya busara mpaka uulize ni nani anayelipa sasa. Tuseme mtoto amepata mtindio wa ubongo kwa kuwa mama yake aliachwa na uchungu siku nzima bila ya kutazamwa. Mtoto huyo atahitaji kubebwa, kulishwa na kuogeshwa kwa maisha yake yote. Gharama hiyo haiondoki kwa sababu kaunti haikuilipa. Huilipa mama, aachaye shamba lake la ndizi kando ya mto. Huilipa dada, aondolewaye shuleni ili ashike zamu. Huilipa baba, auzaye ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Nyumba maskini kuliko zote ndiyo imefanywa bima ya hospitali ya serikali. Mwenye hesabu hajapunguza gharama. Ameiondoa katika daftari lake na kuiandika katika mgongo wa mtu asiye na daftari.

Na tena, asiyelipa kosa hajifunzi kosa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hospitali ifichayo makosa yake ni mgonjwa wa namna hiyo. Kaunti itakayolipa mara moja kwa ajili ya damu ya kundi lisilofaa itanunua vifaa vya kupimia damu na kumfundisha mtu wa kupima. Kaunti isiyolipa kamwe itafanya kosa lile lile mwaka ujao, na mzee yule yule atasema "kudra" juu ya kaburi jingine.

Ikiwa haki ipo na hoja za kuipinga ni dhaifu, mbona madai ni haba? Wengine husema ni kwa sababu mahakama ziko mbali. Kwa watu wa Garsen hoja hiyo haisimami. Mahakama Kuu ina kituo pale pale Garsen, na mahakama za mahakimu zipo Garsen na Hola. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, hata hakimu mkazi aweza kusikiliza dai lifikalo shilingi 5,000,000. Mlango upo. Vizuizi vimewekwa kabla ya kuufikia mlango, na viwili kati yake ni vibaya kuliko vyote.

Kizuizi cha kwanza ni muda. Sheria ya Kenya humpa mtu miaka 3 kudai madhara yaliyotendwa na mtu wa kawaida au hospitali ya mtu binafsi. Lakini anayedai madhara kwa Serikali au mamlaka ya mitaa amewekewa na sheria nyingine miezi 12 tu, na kuomba kuongezewa muda ni safari nyingine ya wakili na gharama. Tazama jinsi mizani ilivyopinda! Tajiri aliyetibiwa katika hospitali ya fahari ana miaka 3. Mchungaji aliyetibiwa katika zahanati ya serikali anahesabiwa miezi. Na miezi 12 huisha upesi kwa mtu ambaye bado anauguza jeraha, ambaye mvua imemfungia njia, na ambaye daktari wa kumchunguza na kumtolea ushahidi huenda yuko Malindi, safari ya kilomita zaidi ya 100 kutoka Garsen, au Mombasa ng'ambo ya huko. Sheria hii haikutungwa kwa ajili ya raia. Ilitungwa kwa ajili ya utulivu wa ofisi, na Bunge lapaswa kuiondoa.

Kizuizi cha pili ni karatasi. Ushahidi wa kesi ya matibabu haumo katika kinywa cha mgonjwa, ambaye huenda alikuwa amelala kwa dawa. Umo katika faili: saa aliyofika, saa aliyotazamwa, dawa aliyopewa, jina la aliyeandika. Na faili hiyo imo katika kabati la mdaiwa. Hebu fikirini: mkulima anamdai mwenye ng'ombe, na ushahidi wote wa mahindi yaliyoliwa umefungiwa katika nyumba ya mwenye ng'ombe!

Watu wa Tana wana sababu ya kujua hatari ya jambo hili kuliko Wakenya wengi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 wa vita vya Mau Mau walikufa. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni liliwahusisha wafu na maji waliyokuwa wamekunywa. Miili ilipochunguzwa na madaktari, ilionekana kwamba walikuwa wamepigwa hadi wakafa. Ukweli haukutolewa na tangazo. Ulitolewa na uchunguzi na maandiko yake. Miaka mingi baadaye, wazee waliokuwa wameteswa katika makambi walipoidai Uingereza mahakamani London, mmoja wao akiwa amenusurika katika kipigo cha Hola, dai lao lilitiwa nguvu na maelfu ya majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa nchini humo, ambayo kuwako kwake kulikubaliwa mwaka 2011. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mauaji ya makusudi si sawa na uzembe wa hospitali, na simlinganishi muuguzi na askari wa kambi. Ninachokionyesha ni kimoja: mwenye kushika karatasi ndiye mwenye kuamua ni nini kilichotokea, mpaka siku karatasi itakapoonekana na wote. Wazee wale walingoja zaidi ya miaka 50. Mama wa Garsen asingoje hata mmoja.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kila mgonjwa atokaye hospitalini apewe nakala ya maandishi ya matibabu yake, bila ya kuomba na bila ya malipo. Pili, muda wa kuidai Serikali ulinganishwe na muda wa kumdai mtu mwingine yeyote. Tatu, kaunti ikate bima au itenge mfuko wa fidia, kama inavyotenga fedha za magari ya wakubwa; kwa maana sheria hairuhusu mali ya serikali ikamatwe kwa deni la hukumu, na mshindi asiye na mfuko wa kumlipa hushinda hewa. Nne, hospitali iliyokosa iseme kwamba imekosa. Aghalabu jambo la kwanza walitakalo wazazi wa mtoto aliyedhuriwa ni kuambiwa ukweli, na fedha huja baadaye.

Wazee wetu nao wana kazi, na pia onyo. Kazi yao ni kumsindikiza mdai asitishwe. Onyo ni kwamba wasiligeuze deni kuwa chai. Mbuzi mmoja na gunia la mchele vikipelekwa usiku nyumbani kwa mfiwa ili anyamaze, hapo hapajafanywa suluhu. Kimenunuliwa kimya, tena kwa bei rahisi. Na wasemao kwamba kudai huleta uadui wakumbuke mwaka 2012, ugomvi wa malisho, maji na mashamba ulipomwaga damu ya watu zaidi ya 100 katika delta ya Tana. Uadui ule haukuzaliwa na madai yaliyosikilizwa. Madai yasiyosikilizwa ndiyo hutafuta panga.

Ninyi vijana msomao kitabu hiki mnayo silaha ambayo babu zenu wengi hawakuwa nayo, nayo ni kusoma na kuandika. Itumieni nyumbani. Ndugu yenu akiugua, tunzeni kadi yake. Andikeni tarehe, saa na mahali alipotibiwa. Likitokea jambo la mashaka, andikeni barua ya heshima kuomba nakala ya maandishi yake. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 huitaka ofisi ya umma ijibu ombi la mwananchi katika siku 21. Kwa wauguzi semeni kwa adabu, maana wengi wao hufanya mengi kwa vichache. Lakini adabu isiwe kamba ya kuwafunga midomo.

Katika mambo ya ng'ombe na mahindi hatukuwahi kuona haya kudai. Kiungo cha mtoto si duni kuliko shina la mahindi. Uzembe ulioharibu maisha ya mtu ni deni, na wahenga walikwisha kutuambia dawa yake: dawa ya deni ni kulipa.